Kwenda Baharini Wakati wa Kusi

Ndugu zetu wa bara wakija kututembelea mwezi wa Julai hutuuliza swali lile lile: bahari ikichafuka namna hii, wavuvi wenu hula nini? Jibu letu ni kwamba wengine hukaa nyumbani wakishona nyavu, na wengine huenda. Leo tungependa kuzungumza juu ya hao wanaokwenda, hasa wale wanaokwenda kwa mtumbwi na kafi, bila mashine wala tanga, kwa maana wengi wao ni watu wa makanisa yetu haya ya kando ya Sabaki, na wake zao huketi mbele yetu Jumapili.

Kwanza tuelewe upepo. Katika pwani yetu pepo kuu ni mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Jua huwa kali, bahari hutulia, na samaki wakubwa kama nguru na jodari huvuliwa kwa wingi. Kisha huja masika, upepo hugeuka, na tangu Mei hadi Septemba kusi ndiyo yenye bahari. Katikati yake, Juni hadi Agosti, ni kipupwe, ambayo ndiyo baridi yetu sisi watu wa pwani. Mtu wa Limuru atacheka akisikia tunaiita baridi, lakini na alowe maji kwanza saa kumi na moja alfajiri, ndipo acheke.

Mabaharia wa zamani hawakubishana na pepo hizi. Vasco da Gama alipewa rubani na mfalme wa Malindi, akang'oa nanga Aprili 24, 1498, kusi ikiwa inaanza, akafika Calicut katika Bara Hindi Mei 20. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi ishike. Aliondoka pwani ya Bara Hindi mwezi wa Oktoba, akahangaika baharini karibu miezi 3, mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye, na alipofika Malindi Januari 1499 watu waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Moja ikabidi ichomwe moto. Nguzo yake bado imesimama Malindi na watalii hupigwa picha hapo. Sisi tunapoiona hukumbuka zile safari mbili, ya siku 26 na ya miezi 3, katika bahari ile ile.

Basi ikiwa merikebu kubwa zilishindwa, mtumbwi utafanyaje? Mtumbwi ni gogo, mara nyingi la mwembe, lililochongwa ndani likawa na tumbo. Juu ni wazi. Watu wa Greenland, ambako bahari hugeuka barafu, wana chombo chembamba kiitwacho kayaki, kilichofunikwa kwa ngozi ya sili pande zote, na mvuvi huketi katika tundu moja, vazi lake likiwa limefungwa kwenye ukingo wa tundu hilo hata maji yasiingie. Sisi hatuna kifuniko. Wimbi likipanda, maji yamo ndani, na mtu wa nyuma huacha kafi akashika kopo la kukumbia. Lakini gogo lina wema wake: likijaa maji au likipinduka, halizami kama chuma. Kwa hiyo wazee hufundisha vijana neno moja kabla ya mengine yote, kwamba chombo kikipinduka usikiache ukaogelee kuelekea pwani, hata kama minazi inaonekana karibu. Shika gogo. Kichwa kimoja ndani ya mawimbi hakionekani na mtu, bali mtumbwi uliopinduka huonekana kutoka mbali. Tena mwili ndani ya maji hupoteza joto upesi mara nyingi kuliko ukiwa katika hewa, na hata bahari yetu ya Agosti, ambayo si baridi sana, humaliza nguvu za mtu kwa saa chache.

Adui mkubwa wa mwenye kafi, hata hivyo, si wimbi analoliona, ni mkondo asiouona. Maji ya pwani yetu hutiririka kuelekea kaskazini, na wakati wa kusi, upepo ukiyasukuma kwa nyuma, mbali kidogo na nchi kavu mkondo huweza kufika maili 4 za baharini kwa saa. Mtu mwenye kafi, hata awe na mabavu, hawezi kudumu kwa muda mrefu akienda zaidi ya maili 3. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Akipelekwa kaskazini mwa Mambrui, hatarudi kwa mikono yake. Ndiyo sababu mvuvi mwenye akili, akitoka katika mlango wa Sabaki wakati wa kusi, hugeuza uso kusini kwanza, upande wa Malindi, karibu na nchi kavu. Hufanya kazi ngumu asubuhi akiwa na nguvu, upepo ukiwa bado umelala, kisha huacha kusi imrudishe nyumbani. Anayetoka kwa kufuata upepo huona safari nyepesi, husifu nguvu zake, na kurudi kwake ni kwa miguu, mtumbwi ukiwa umeachwa ufuoni Ngomeni.

Sasa kuna huo mlango wenyewe. Mto wetu huanzia juu kama Athi, ukikutana na Tsavo huitwa Galana, nasi huku chini twauita Sabaki. Hushuka na udongo mwekundu wa mashamba ya bara, na udongo huo hutanda baharini kama shuka. Wakati wa kaskazi shuka hiyo huvutwa kusini, na ufuo wa Malindi huwa mwekundu. Wakati wa kusi huvutwa upande wa Mambrui. Basi mwezi wa Julai maji ya kusini mwa mlango huwa safi zaidi, na mpaka kati ya maji mekundu na maji ya kijani huonekana kama mstari uliopigwa. Hapo ndipo samaki hukusanyika, na hapo ndipo kila mtu hutaka kutupa mshipi.

Lakini kufika huko ni lazima kuvuka fungu la mchanga ambalo mto umelijenga mbele ya mlango wake. Maji yakiwa yanakupwa, mto na bahari hutoka pamoja kwa nguvu na kugongana na mawimbi ya kusi yanayoingia. Wimbi likikutana na maji yanayokuja mbele yake hufupika, husimama wima na kuvunjika. Maji yakiwa yanajaa, yote huelekea upande mmoja, nalo wimbi hulala. Hivyo mahali ambapo mtoto angevuka asubuhi huweza kumzamisha mtu mzima baada ya saa chache, na upepo haukuongezeka hata kidogo.

Wageni hudhani siku nzuri ya kwenda ni ile ya mwezi mpevu, kwa sababu kuna mwanga. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi ya alfajiri na kupwa karibu saa nne ya asubuhi. Ukitoka alfajiri unavuka vizuri kabisa, lakini saa nne, unapotaka kurudi, fungu la mchanga linachemka. Ukisema ungoje maji ya jioni, kusi imekwisha kuamka, kwa maana alfajiri huwa na upepo mwepesi tu kutoka upande wa nchi kavu, na kusi yenyewe huongezeka jua linapopanda. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hupwa alfajiri, tena hayapwi sana, yakajaa karibu saa nne. Unatoka yakianza kujaa na unarudi yakiwa yamejaa. Mwezi haukupi mwanga mwingi, lakini unakupa mlango.

Tulijifunza hayo kwa mzee mmoja mvuvi, rafiki yetu wa miaka mingi. Mwezi wa Julai alikubali kutuchukua: watu wanne, mitumbwi miwili, sisi pamoja na mzee katika mmoja, na katika wa pili mwalimu wa shule ya msingi pamoja na kijana mvuvi wa mtaa wetu. Tulikuwa tumemwomba twende Ijumaa iliyotangulia, akakataa. Akahesabu mwezi kwa vidole, akasema Alhamisi. Kabla ya kusukuma mitumbwi alitusimamisha mchangani akasema, "Yeyote kati yetu akisema turudi, tunarudi. Haulizwi kwa nini. Maswali ni huku nchi kavu." Akatutaka kila mmoja aitikie kwa sauti, hata mwalimu, ambaye alicheka kidogo kisha akaitikia.

Tulishuka mto gizani, mzee akigonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi ili viboko wajue tunapita. (Viboko wa Sabaki hukaa karibu kabisa na bahari, jambo ambalo wageni hawaamini mpaka waone.) Tulivuka fungu la mchanga tukiwa tumelowa magoti tu. Tukapiga makafi kusini zaidi ya saa nzima, mabega yakiwaka moto, tukafika kwenye ule mstari wa maji, tukatia nanga na kutupa mishipi, chambo chetu vipande vya ngisi. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha wakaanza kula, fume kwanza, halafu kolekole, na mtumbwi wa pili wakawa wanapiga kelele za furaha.

Saa tatu na nusu mzee akainua uso kuelekea Malindi. Sisi hatukuona kitu ila wingu. Yeye aliona kwamba chini ya wingu lile maji yamegeuka rangi. Akaanza kukunja mshipi.

"Turudi," akasema.

"Mzee, samaki ndio kwanza wameanza kula," akaitikia kijana.

"Turudi, mwanangu."

Kijana alikunja mshipi wake bila neno, lakini uso wake tuliuona. Tuling'oa nanga, kusi ikatushika mgongoni, tukavuka mlango maji yakiwa karibu kujaa. Mvua na upepo vilitukuta ndani ya mto, tukiwa tumeshika mikoko kwa mikono. Kwa muda wa kama nusu saa hatukuweza kuona ng'ambo.

Nchi kavu, maswali yaliporuhusiwa, kijana hakuuliza juu ya wingu. Alituambia juu ya jarife lake. Alikuwa amelipata kwa mkopo kwa tajiri mmoja, na kila samaki anayemvua ni lazima amwuzie tajiri huyo kwa bei anayoitaja tajiri mwenyewe. Kaskazi deni hushuka. Kusi hupanda, kwa sababu watoto hula kila siku na bahari haitoi kila siku. Akasema wazi, "Ningekuwa peke yangu, ningebaki pale."

Msikilizaji, hapo ndipo tulipoelewa habari ya safari ya Paulo katika Matendo ya Mitume sura ya 27 kuliko tulivyoielewa chuoni. Tulikuwa tumezoea kuhubiri juu ya dhoruba. Tazama mambo yaliyotangulia dhoruba. Majira ya baridi yalikuwa yamekaribia, Paulo akaonya, lakini yule akida akawasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Mwenye merikebu alikuwa na mali yake ya kufikiria. Bandari haikuwafaa kukaa, wengi wakapiga shauri kuondoka, kisha upepo mwanana wa kusini ukavuma, nao wakadhani mambo yamekuwa kama walivyotaka. Mvuvi yeyote wa Sabaki anaujua upepo mwanana wa asubuhi. Watu 276 waliokolewa, lakini merikebu ilivunjika. Wala hatuna haki ya kumwita mjinga yule anayeondoka bandarini wakati wa baridi, kabla hatujauliza ni nani mwenye merikebu, na anamdai nini.

Kwa sababu hiyo ushauri juu ya bahari peke yake hautoshi. Mtu aweza kujua upepo, mkondo na mwezi, akaenda hata hivyo, kwa kuwa nyumbani hakuna unga. Baadhi ya akina mama wa parishi yetu walianza kuweka akiba wakati wa kaskazi, kiasi kidogo kila juma, ifunguliwe Juni. Wengine huweka ng'onda: samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi, huanikwa katika jua la Februari na Machi, kwa kuwa jua la Julai halitoshi kumkausha samaki kabla hajaoza. Hizo si fedha nyingi. Lakini kaya yenye debe la unga na ng'onda mlangoni mwa Julai inaweza kungoja juma zima mpaka maji mafu, na juma hilo moja ndilo tofauti kati ya kuvuka mlango maji yakijaa na kuuvuka yakikupwa.

Jambo jingine ni dogo nalo halihitaji fedha. Mvuvi anayetoka peke yake na amwambie mtu upande anaokwenda na saa ya kurudi. Mzee wetu alikuwa amemwambia mkewe "saa tano", na saa tano mama yule alikuwa amesimama kwenye mvua akitungoja, amejifunika kanga kichwani, akihesabu vichwa.

Yule kijana bado analipa lile deni. Huenda baharini wakati wa kusi kama zamani, ila siku hizi huhesabu mwezi kwanza, na mkewe anajua saa ya kurudi na mlango wa nani wa kugonga saa hiyo ikipita.