Ijumaa ya Upareni

Anayengoja nafasi ili amkumbuke Mungu haipati. Shamba halina siku linayosema limetosha, na ng'ombe hali leo akashiba hadi kesho kutwa. Katika milima ya Upare Kusini, wilayani Same, tangawizi, maharage na mifugo humshika mtu mwaka mzima, na hapohapo ndipo desturi ya Sabato ilipoota mizizi. Iliingia mwaka 1903, Johannes Ehlers na A. C. Enns walipofungua misheni huko Giti, Mamba, ya kwanza ya Waadventista Wasabato katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Naamini desturi hiyo ina la kumfundisha hata asiye Msabato: Mungu hukaa katikati ya maisha pale kazi zinapopangwa kumzunguka, na mpangilio huo ukawa wa nyumba nzima.

Ushahidi wangu siutafuti kanisani. Nautafuta Ijumaa, ambayo Wasabato huiita siku ya maandalio. Majani ya ng'ombe hukatwa ya kutosha siku mbili, maji yakajazwa, kuni zikapasuliwa. Nguo za watoto hupigwa pasi na viatu vikapangwa ukutani. Makande hukaa motoni kutwa, mpaka maharage yalainike na kushikana na mahindi, kwa sababu jua likishazama Sabato imefunguliwa na hakuna tena kupika. Hayo yote ni kazi, na ni kazi nyingi kuliko za siku nyingine. Lakini kila moja ina mwisho wake, na mwisho huo umewekwa na ibada. Hata jembe la Jumatano linajua Ijumaa inakuja.

Tena mbegu hii haikuangukia jangwani. Wapare walikuwa na msaragambo: mbiu ikilia, kila mtu anaacha lake na kwenda kwenye kazi ya wote. Walikuwa na ndiva, mabwawa yanayokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe mashambani kwa zamu, na zamu ya maji haimngoji mtu amalize shughuli zake. Watu waliozoea kuupa wakati heshima ya namna hiyo hawakuona ajabu kuambiwa kwamba machweo nayo yana amri. Na Kiswahili chenyewe kinatuonyesha jambo hilihili, maana majina ya siku zetu, tangu Jumamosi hadi Jumatano, yanahesabiwa kutoka Ijumaa, siku ya Waislamu kukusanyika kwa sala. Wiki yetu ilipewa majina na watu walioanza kwa kuuliza tunaswali lini.

Wapo watakaosema haya ni mazoea tu, na kwamba mtu anaweza kuketi kanisani huku akiwaza bei ya tangawizi. Anaweza, kweli. Lakini moyo usio na saa yake huwaza bei hiyo siku zote saba, na anayepasua kuni Ijumaa kwa ajili ya ibada ya kesho tayari ameshaanza kuomba kwa mikono. Hoja nzito zaidi ni ya riziki. Kibarua aliyepangiwa zamu Jumamosi, au mwanafunzi ambaye mtihani wake umeangukia siku hiyo, hulipa gharama ambayo mkulima mwenye shamba lake haijui, na si haki kumwambia kwamba imani yake ni haba. Kinachompungukia ni jirani. Kule mlimani kijiji husimama pamoja naye. Mjini anasimama peke yake huku maduka yote yako wazi. Kwa hiyo Mpare Msabato aliye Dar es Salaam inambidi aianze Ijumaa yake mapema, Alhamisi usiku: aombe kubadilishana zamu na mwenzake anayesali Jumapili, apige pasi, kisha aloweke mahindi na maharage ya makande kabla hajalala.