Filamu za Waimbaji: "A Hard Day's Night" (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyotangulia ilieleza jinsi watengenezaji wa filamu wa Marekani na Uingereza walivyozoea, tangu miaka ya 1950, kumchukua mwimbaji anayevuma, kumtungia kisa chepesi cha mapenzi na kuzipachika nyimbo zake humo hata pale kisa kisipozihitaji. Kampuni ya United Artists ilipoafikiana na kundi la The Beatles mwaka 1963 haikuwa na nia ya kuiacha njia hiyo, kwani ilichokitafuta hasa ni haki ya kutoa santuri ya nyimbo za filamu, na filamu yenyewe ilikuwa chambo tu. Ndiyo maana ilitengewa takriban pauni 200,000, ikapigwa kwa picha nyeusi na nyeupe, na ikaharakishwa isije ikawakuta vijana hao wamekwisha kusahauliwa: upigaji picha ulianza Machi 2, 1964, na ilipofika Julai 6 filamu ilizinduliwa katika ukumbi wa London Pavilion.

Andiko la filamu, yaani maandishi yanayopanga matendo na mazungumzo ya wahusika, lilitungwa na Alun Owen, mtunzi wa tamthilia aliyekulia Liverpool, mji walikotoka vijana hao wenyewe. Owen alifuatana nao huko Ireland mwezi Novemba 1963, akaona kwamba umaarufu wao ulikuwa kifungo cha aina yake: walitolewa garini wakaingizwa hotelini, wakatolewa hotelini wakafungiwa nyuma ya jukwaa. Kwa kuwa hawakuwa waigizaji, aliwapa sentensi fupifupi zisizohitaji kukaririwa sana, na sehemu kubwa ya uchekeshaji akamtwisha Wilfrid Brambell, aliyeigiza babu yake Paul McCartney. Kila anayemwona mzee huyo husifu usafi wake, mzaha usioeleweka leo bila kujua kwamba katika mchezo wa televisheni wa "Steptoe and Son" Brambell alizoeleka kuitwa mzee mchafu.

Utamu wa filamu, hata hivyo, uko pale wanne hao wanapoponyoka mazoezini, wakashuka mbio ngazi za nje na kutimkia uwanjani, huku wimbo wa "Can't Buy Me Love" ukisikika ilhali hakuna anayeimba wala aliyeshika gitaa. Mazoea yalidai kwamba midomo ya mwimbaji ifuatane na sauti yake. Mwongozaji Richard Lester aliviachanisha viwili hivyo, akaunga vipande vilivyopigwa kutoka kwenye helikopta na vya kamera ya mkononi, baadhi vikiwa vimeongezwa kasi, hata uhariri, yaani ukataji na uungaji wa picha, ukawa ndio unaocheza ngoma. Video za muziki za miaka ya 1980 zilikula katika sahani hiyohiyo. Uhuru wenyewe haumalizi dakika tatu, kwa maana hutokea bwana mmoja akawaambia kwamba uwanja una mwenyewe, nao wakarudi kifungoni.

Mwaka 1965 Lester alipewa rangi, fedha zaidi na safari za Austria na Bahamas ili atengeneze "Help!", filamu itakayochambuliwa katika sehemu ijayo.