Usichanganye Ukuta na Utando wa Seli

Mwaka 1665, Robert Hooke alitazama kwa hadubini kizibo cha gome la mti. Aliona vyumba vidogo, akaviita seli. Kumbuka: alichoona ni kuta za seli zilizokufa, si utando. Schleiden (1838) alieleza kuwa mimea imeundwa kwa seli. Schwann (1839) akaeleza hivyo kwa wanyama. Seli ya mnyama haina ukuta, bali ina utando.

Utando umeundwaje? Mwaka 1925, Gorter na Grendel walitoa lipidi katika seli nyekundu za damu, wakazitandaza juu ya maji. Zilifunika eneo karibu mara mbili ya eneo la nje la seli hizo. Hivyo walihitimisha kuwa utando una tabaka mbili za lipidi. Ukiulizwa ushahidi, eleza jaribio hili.