Je, Wajua? Avoka wa Kesi za Fedha, Kutoka Kasongo Hadi Kinshasa

Mkuu wa shule anayetunza karo Kasongo, mhasibu wa sekta, mnunuzi wa dhahabu Kabambare, waziri Kinshasa: wote wanaweza kuitwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, kwa sababu ya fedha. Leo tunamtazama mtu atakayesimama upande wao siku hiyo, yaani avoka, au wakili kama wanavyosema pwani.

Je, wajua kwamba wataalamu walichelewa kuwatazama wahalifu wa ofisini? Mwaka 1939, mjini Philadelphia, mwanasosiolojia Mmarekani Edwin Sutherland aliwaambia wenzake kuwa wamezoea kuchunguza makosa ya maskini na kuwasahau wenye kola nyeupe. Jina hilo likashika duniani kote.

Je, wajua kwamba mkubwa wa Kasongo alishtakiwa kwa ajili ya mkataba zaidi ya miaka 130 iliyopita? Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alipatana na mpelelezi Stanley mwaka 1887 kuhusu wapagazi wa safari ya kumwokoa gavana Emin Pasha. Mwaka 1889 Stanley alimfungulia kesi katika mahakama ya ubalozi wa Uingereza, Zanzibar, akidai pauni 10,000. Tippu Tip ilimbidi aiache Kongo na kushika njia ya pwani.

Je, wajua kwamba wanasheria wa kwanza wa Kikongo walihitimu nchi ikiwa imeshapata uhuru? Étienne Tshisekedi alipata udaktari wake wa sheria Lovanium mwaka 1961, mwaka mmoja baada ya bendera kubadilishwa.

Je, wajua njia ya kuwa avoka? Kwanza digrii ya sheria, kisha kiapo mbele ya mahakama ya rufaa, kisha miaka 2 ya mazoezi chini ya avoka mzoefu, ndipo jina liandikwe kwenye orodha ya chama cha mawakili. Sheria inayotawala kazi hii ni ya tarehe 28 Septemba 1979. Mahakama ya rufaa ya Maniema iko Kindu, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara kutoka Kasongo.

Je, wajua kwamba sheria hiyo hiyo inamtambua pia mtetezi wa mahakama? Huyu si avoka. Anaruhusiwa kutetea hadi mahakama kuu ya eneo, lakini hapandi hadi mahakama ya rufaa. Muulize mapema anayekutetea ana hadhi ipi, usije ukabaki peke yako kesi itakapopanda.

Je, wajua kwamba karani wa chifu na waziri mkuu wanaangukia kifungu kimoja? Kifungu cha 145 cha sheria ya adhabu kinamgusa yeyote aliyekabidhiwa huduma ya umma akala fedha zake. Adhabu ni mwaka 1 hadi 20 ya kazi ngumu.

Je, wajua kwamba kula mali uliyoaminiwa, na utapeli, ni makosa mengine? Kila moja lina kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5, kwa hiyo huanzia mahakama ya amani. Avoka makini huuliza kwanza ni kosa lipi lililoandikwa kwenye faili, maana jina la kosa ndilo linalochagua mahakama na uzito wa adhabu.

Je, wajua kwamba deni peke yake halimfungi mtu? Kifungu cha 61 cha Katiba ya 2006 kinakataza kabisa kifungo cha deni, hata nchi ikiwa katika hali ya dharura. Ndiyo sababu mdai mwenye hasira hupeleka deni lake polisi akiliita utapeli. Kazi ya avoka ni kuonyesha, kwa mkataba na risiti, kwamba hakukuwa na ulaghai, bali biashara iliyoharibika.

Je, wajua kwamba polisi hawaruhusiwi kukuweka buloko kupita saa 48? Zikiisha, waachie au wakupeleke mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Ni kifungu cha 18 cha Katiba. Kinadai pia uambiwe sababu ya kukamatwa kwako kwa lugha unayoielewa, na Kiswahili ni moja ya lugha 4 za taifa.

Je, wajua kwamba haki ya avoka huanza polisi, kabla ya kumwona juji? Kifungu cha 19 kinasema hivyo wazi. Katika kesi za fedha saa hizo za mwanzo ni nzito kuliko hotuba yoyote, kwa kuwa maelezo yanayoandikwa na kutiwa sahihi huko ndiyo yatakayosomwa mahakamani. Omba usomewe kwa Kiswahili kila sentensi. Usipoielewa, usitie sahihi.

Je, wajua hesabu ya siku za mahabusu? Hati ya kwanza ya parke hudumu siku 5. Juji akikubali, huongeza siku 15, kisha mwezi mmoja mmoja. Kila tarehe hiyo ni nafasi ya avoka kuomba dhamana.

Je, wajua kwamba mchimbaji mdogo na mnunuzi wa dhahabu wote wanahitaji kadi? Katika maeneo kama Salamabila na Namoya, Kabambare, kadi iliyokwisha muda inaweza kumgeuza mfanyabiashara kuwa mtuhumiwa. Kadi ya mchimbaji ni ya mwaka 1, nayo hufanywa upya.

Je, wajua kwamba avoka akitoa siri yako anaweza kufungwa? Kifungu cha 73 cha sheria ya adhabu kinaweka kifungo cha mwezi 1 hadi miezi 6. Lakini siri hiyo haimpi ruhusa ya kupika ushahidi. Aimé Kilolo, wakili wa Jean-Pierre Bemba, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai Oktoba 2016 kwa kuwavuruga mashahidi 14.

Je, wajua kwamba mzaliwa wa Kindu ndiye aliyeleta moja ya mabishano makubwa ya sheria nchini? Augustin Matata Ponyo alikuwa waziri mkuu 2012 hadi 2016. Mwaka 2020 wakaguzi wa fedha walisema dola milioni 205, kati ya 285 za mradi wa shamba la Bukanga-Lonzo wa wakati wake, zilipotezwa. Novemba 2021 utetezi wake ulishinda kwa hoja ya mamlaka: Mahakama ya Katiba ilisema si juji wa waziri mkuu wa zamani. Mwaka uliofuata ikageuza msimamo. Tarehe 20 Mei 2025 ikamhukumu miaka 10 ya kazi ngumu, huku yeye akikana. Maamuzi ya mahakama hiyo hayakatiwi rufaa.

Je, wajua kwamba kesi ya mwanasiasa Vital Kamerhe ilikwenda kinyume chake? Juni 2020 alipewa miaka 20 kwa takriban dola milioni 50 za mpango wa serikali wa siku 100. Rufaa ikashusha hadi 13. Aprili 2022 Mahakama ya Kasasioni ikafuta hukumu, na Juni mwaka huo akaachiwa huru. Mwaka 2024 alichaguliwa spika wa bunge.

Je, wajua kwamba jirani zetu wana njia nyingine? Tangu 2019 Tanzania inaruhusu mshtakiwa kupatana na serikali. Katika kesi ya fedha za akaunti ya Escrow, mfanyabiashara Harbinder Seth alikubali mwaka 2021 kulipa shilingi bilioni 26.9. Mwenzake James Rugemalira alikaa rumande tangu Juni 2017, kisha mashtaka yake yakaondolewa Septemba 2021.

Je, wajua kwamba asiye na fedha anaweza kutetewa bure? Kila chama cha mawakili kina ofisi ya ushauri wa bure. Na ukihukumiwa, una siku 10 tu za kukata rufaa. Usizipoteze kwa kutafuta mtu wa kukusaidia kwa siri. Zitumie kumtafuta avoka.

Wengi huuliza kwa nini mla fedha za watu atetewe. Kifungu cha 17 cha Katiba kinajibu: hadi hukumu ya mwisho, yeye bado hana hatia. Avoka anayelazimisha parke kuleta risiti, hesabu na mashahidi hawaibii wananchi wa Kasongo. Hukumu iliyofanywa kwa pupa huanguka kwenye rufaa, na barabara na shule zilizokosa fedha hubaki bila jibu. Iliyopita katika utetezi wa kweli ndiyo inayosimama.