PIGA VIPANDE, USHONE MJI MZIMA

SIMAMA Kigamboni, jirani na kivuko, uitazame Dar es Salaam ng'ambo. Mji umetandazwa mbele yako, kuanzia soko la samaki la Feri mpaka maghorofa ya mjini. Toa simu, piga picha moja. Umepata nini? Kipande tu!

Dawa yake ipo, tena ni ya siku nyingi. Unapiga picha kadhaa zinazofuatana, kisha unazishona ziwe moja ndefu. Hiyo ndiyo panorama.

Saa ukutani

Kama unadhani haya mambo yamekuja na simu, umepotea. Septemba 24, 1848, mabwana wawili, Charles Fontayne na William Porter, walivuka mto Ohio kule Marekani na kusimama upande wa Newport. Wakaupiga mji wa Cincinnati vipande 8, juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha. Kompyuta hakuna, umeme hakuna!

Miaka zaidi ya 150 baadaye wataalamu wakayatazama mabamba yale kwa hadubini. Ndani yake mkaonekana saa ya mnara, uso wake kama milimita moja tu, na bado inasomeka: saa nane kasoro dakika tano mchana. Picha moja ya mji mzima isingeweza kubeba kitu kidogo namna ile. Hiyo ndiyo faida ya vipande: kila kimoja kinakuja na undani wake.

Mambo manne

Simu nyingi za leo zina panorama yake. Unaizungusha pole pole, inashona yenyewe. Si mbaya, lakini ukitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni, piga vipande mwenyewe. Zingatia haya:

Kwanza, simama wima simu yako, usiilaze. Utapiga vipande vingi zaidi, lakini utapata anga na ardhi ya kutosha.

Pili, kila picha iingie ndani ya mwenzake kwa theluthi moja hivi. Ni kama fundi cherehani: bila kitambaa cha kupandiana, mshono utakamata nini?

Tatu, funga mwanga. Kwenye simu nyingi unabonyeza kioo na kushikilia kidole. Usipofanya hivyo kipande kimoja kitatoka cheupe na jirani yake cheusi, na picha itakuwa na viraka.

Nne, na hapa ndipo wengi wanapokwama: usiizungushe simu kwa kunyoosha mikono huku mwili ukiwa ndio katikati. Lenzi ibaki palepale, wewe ndiye uizunguke.

Huamini? Simamisha kidole mbele ya pua, fumba jicho la kushoto, kisha badilisha ufumbe la kulia. Umeona kidole kinavyoruka? Hakijaenda popote, ila jicho linalotazama limehama. Lenzi nayo ikihama, nguzo iliyo karibu itaruka vivyo hivyo, na ukishona utapata nguzo mbili au nusu nguzo. Vilivyo mbali havina matata, ndiyo maana ng'ambo ya maji ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kompyuta inashonaje?

Programu inatafuta alama zinazofanana katika picha mbili, kama kona ya dirisha au ncha ya paa, kisha inazilaza moja juu ya nyingine. Mwaka 2003 Matthew Brown na David Lowe wa Canada walionyesha programu inayoweza kupewa picha zilizochanganyika ovyo, ikachambua yenyewe zipi ni ndugu. Leo ipo Hugin, ya bure kabisa. Ila haifanyi miujiza: mtu aliyetembea kati ya picha mbili anaweza kutokea mara mbili, au bila miguu! Subiri apite.

Sasa kazi kwako. Usianze na machweo ya jua, hayo yatarudi kesho. Anza na mtaa wako. Kariakoo nyumba ngapi za zamani zimeshabomolewa kupisha maghorofa? Ipige barazani, dukani, mpaka kwa fundi viatu wa pembeni. Siku tingatinga likija, mjukuu wako atauona wapi mtaa huo kama hukuushona leo?