Nyanya Fupi za Uani: Kutoka Mbegu Hadi Mbegu (Sehemu ya Pili)

Mvua za masika zinapokatika Babati, kuelekea mwisho wa Mei, ubaridi hushuka mjini na masweta hutoka sandukuni. Mji uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, kando ya Mlima Kwaraa, na baada ya hapo hufuata miezi mingi isiyo na mvua ya maana. Kwa mwenye uani katika kata ya Bagara, hata uani wa hatua kumi kwa sita, huo ndio mwanzo wa msimu mwema wa nyanya. Maji itabidi yabebwe kwa ndoo, lakini majani ya mmea hayatalowa usiku kucha, na jani lisilolowa ndilo linaloiepusha nyanya na ukungu.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilishughulikia udongo na samadi. Sasa ni zamu ya mmea wenyewe, na hasa ufupi wake. Ufupi wa nyanya si suala la kimo tu. Ndio unaoamua mmea upogolewe au uachwe, mavuno yaje kwa mkupuo au kidogo kidogo, na miche ioteshwe mara ngapi kwa mwaka. Watu wengi hununua mbegu ya nyanya fupi kisha wakaitunza kama ndefu, na hapo ndipo hasara huanzia.

Nyanya ndefu, kama Money Maker ya Waingereza, haina mwisho wa kukua. Shina hutoa majani matatu hivi, likatoa kichala cha maua, likaendelea na majani mengine matatu na kichala kingine, na hivyo hivyo mpaka ugonjwa au ukame uikatize safari. Inataka mti wa kuegemea, kamba, na mtu wa kuipogoa kila wiki.

Mwaka 1914, huko Florida, Marekani, lilionekana badiliko la asili lililokuja kuugeuza ukulima wa nyanya duniani. Mmea wenye badiliko hilo hupunguza majani kati ya kichala na kichala, kisha shina huishia kwenye maua na kukoma. Machipukizi ya pembeni nayo hufanya hivyo hivyo. Matokeo yake ni kichaka kifupi kinachojimaliza chenyewe, na matunda yake huiva karibu kwa wakati mmoja. Roma, iliyotolewa na watafiti wa serikali ya Marekani mwaka 1955, ni ya ukoo huo. Herufi VF zilizoongezwa baadaye kwenye jina lake si pambo: zinataja aina mbili za mnyauko ambazo mmea huo unaweza kuzistahimili, ule wa vetisilia na ule wa fusari.

Tanya nayo ni fupi. Iliidhinishwa mwaka 1997 kutokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Tengeru, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kwa ushirikiano na Kituo cha Dunia cha Mboga kilichoanza shughuli zake huko huko Arusha mwaka 1992. Kutoka Bagara hadi Tengeru ni safari ya saa chache kwa basi, na hilo lina uzito. Mbegu hii ilichaguliwa katika nyanda za kaskazini, tena ikatoa tunda gumu lisilopondeka upesi njiani.

Ufupi wa aina ya pili ni wa kibete halisi. Hapa kinachopungua ni urefu wa pingili, basi shina huwa nene, majani ya kijani kilichokolea na yaliyokunjamana, na mmea hukua polepole. Kibete hujitambulisha mapema sana: miche ikiwa bado kitaluni, mwenye jicho anaweza kumtenga kwa kimo na rangi. Micro-Tom, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Florida na kutangazwa mwaka 1989, haizidi shubiri moja hivi na hukaa ndani ya kopo. Mwaka 2005 Craig LeHoullier wa Marekani na Patrina Nuske Small wa Australia waliwakusanya wakulima wa bustani za nyumbani wa nchi zao ili wachanganye vibete na nyanya kubwa zenye ladha. Kazi ile, iliyofanywa na watu wa kawaida katika nyua zao, imezaa aina nyingi mpya, na mbegu zake zinaweza kuhifadhiwa na yeyote. Hata hivyo, kwa anayeanza Bagara, Tanya na Roma VF ndizo zinazofaa, kwa kuwa zimezoeleka nchini na wauza pembejeo wanazijua kwa majina.

Jina la nyanya lenyewe lina historia yake. Kabla ya tunda hili la Amerika kuenea huku, Afrika ilikuwa na nyanya yake, ile ambayo leo tunaiita nyanya chungu au ngogwe. Zanzibar walimpa mgeni jina jingine kabisa, tungule. Mkulima wa uani anahitaji kuukumbuka undugu huo, maana nyanya, ngogwe, biringanya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja na hurithishana magonjwa kupitia udongo. Tuta lililobeba ngogwe mwaka huu lipandwe maharage au mchicha kabla ya kupewa nyanya.

Sasa kitalu. Sanduku la mbao au beseni lililotobolewa chini linatosha kabisa kwa mahitaji ya nyumba moja. Mbegu husiwa katika mistari iliyoachana sentimita 10 hivi, kina cha sentimita moja, kisha hufunikwa kwa udongo laini na nyasi kavu. Nyanya huota vizuri penye joto la nyuzi 20 hadi 27 za Selsiasi, na usiku wa Juni wa Babati uko chini ya hapo. Dawa yake ni rahisi: mbegu haihitaji mwanga ili iote, basi beseni likae jikoni, mahali penye uvuguvugu wa mafiga, siku tano hadi kumi. Likichungulia chipukizi la kwanza, nyasi ziondolewe na beseni litolewe juani siku hiyo hiyo. Likicheleweshwa kwa siku mbili tu, miche hurefuka ikawa myembamba kama uzi.

Adui wa wiki hizo ni kinyausi, ugonjwa unaoozesha mche usawa wa udongo hadi ukaanguka kama uliokatwa kwa wembe. Hupenda udongo uliolowa kupita kiasi na miche iliyosongamana. Kumwagilia asubuhi, kwa kiasi, na kupunguza miche iliyobanana kunasaidia kuliko dawa yoyote itakayonunuliwa baada ya miche kulala.

Baada ya wiki nne hivi, mche ukiwa na majani manne hadi sita, maji hupunguzwa kwa siku chache ili ukomae, kisha huhamishwa jioni. Bustanini, nafasi ya sentimita 60 kwa 50 inatosha kwa Tanya. Pasipo na bustani, ndoo kuukuu ya lita 20 iliyotobolewa chini, au kiroba kilichojazwa udongo na samadi iliyooza, hubeba mche mmoja vizuri kabisa. Ndoo ina faida nyingine: mvua za kushtukiza zikija, huhamishiwa chini ya upenu.

Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika. Mtu aliyejifunza kwa jirani mwenye Money Maker hupita kila Jumamosi akinyofoa machipukizi yote ya kwapani. Kwa nyanya ndefu ni sawa. Kwa Tanya, machipukizi hayo ndiyo yatakayobeba sehemu kubwa ya matunda, kwa sababu shina kuu limeshaufikia mwisho wake. Yaachwe. Yaondolewe tu majani ya chini yanayogusa udongo, na matandazo ya nyasi yatiwe shinani ili maji yasirushie tope majani. Kijiti kifupi cha kuegemeza kinafaa, maana matunda ya pamoja ni mazito. Na anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche: tumbaku inaweza kubeba kirusi kinachoishambulia nyanya.

Kwa kuwa nyanya fupi huiva kwa mkupuo, kitalu kimoja kitaipa nyumba neema ya wiki chache na kisha ukame. Ufumbuzi ni kusia mbegu chache kila baada ya wiki tatu.

Tunda likioza chini, doa jeusi lililobonyea upande wa pili wa kikonyo, wengi hudhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Huko ni kuoza kitako, na chanzo chake ni tunda kukosa kalsiamu. Wilaya ya Babati inachimba madini yenye kalsiamu na fosfati pale Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, katika mashapo ya ziwa la kale yenye masalia ya samaki na ndege. Mbolea hiyo ni nzuri kwa udongo wenye uchachu, lakini mara nyingi kalsiamu imo udongoni tayari. Kinachokosekana ni maji ya kuisafirisha. Ndoo iliyokauka siku tatu kisha ikafurikishwa ya nne itatoa vitako vyeusi hata ikijazwa Minjingu tupu. Maji kidogo kila siku hulimaliza tatizo hilo katika vichala vinavyofuata.

Mwisho wa msimu kuna mbegu. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe kwa kiasi kikubwa, hivyo mtoto wa Tanya au Roma huwa Tanya au Roma. Mbegu chotara, zile za F1, hazina tabia hiyo: watoto wake hutoka wengine warefu, wengine wafupi, wengine wadhaifu. Kwa sababu hiyo tunda zuri la sokoni si la kutegemea. Aliyelinunua hajui mama yake.

Lichaguliwe tunda lililoivia mtini, kutoka mmea mzima usio na ugonjwa, tena bora uwe ule uliozaa sana kuliko wenye tunda moja kubwa. Mbegu hukamuliwa pamoja na ute wake katika kikombe na kuachwa siku mbili au tatu zichache, kwa kuwa ute huo una kemikali inayozizuia kuota. Zikishaoshwa, zilizozama ndizo za kuhifadhi. Hukaushwa kivulini juu ya sahani, kamwe si kwenye karatasi inayonata, kisha hufungwa kwenye bahasha yenye jina la aina na mwezi wa kuvuna. Zikikaa pakavu na penye baridi, huota vyema hata baada ya miaka minne.

Sehemu ya tatu itamshughulikia kantangaze, nondo aliyeingia nchini mwaka 2014 kwa kupitia mashamba ya Arusha, na jinsi ya kumtambua kwenye jani kabla hajafika tundani.