Mbona Simu Nzima Yazikwa?

Jahazi likivuja hupandishwa pwani likakalafatiwa, na ubao uliooza ukatolewa. Hakuna nahodha alichomaye moto kwa sababu limeingia maji. Lakini simu zetu za mkononi aghalabu hufa zingali nzima: kioo kizuri, betri yashika chaji, ila aliyeiunda ameacha kuipelekea masahihisho ya programu. Hiyo, ndugu msomaji, ni israfu.

Huko Amsterdam, Uholanzi, kampuni ya Fairphone ilianzishwa mwaka 2013. Simu yake ya pili, iliyotoka mwishoni mwa 2015, iliundwa kwa vipande ambavyo mwenyewe aweza kuvichomoa na kutia vipya. Ya tano, ya mwaka 2023, betri yake hutolewa kwa mkono na kioo kwa bisibisi, na kampuni imeahidi kuihudumia hadi 2031.

Je, baada ya hapo? Ndipo waingiapo watu wa Linux, mfumo alioanzisha Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ambao kila mtu ana ruhusa ya kuusoma na kuurekebisha. Android nayo imesimama juu yake. Kasoro ni kwamba kila simu hupewa nakala yake iliyochongwa kwa chipu yake, kisha nakala hiyo ikaachwa ichakae. Kundi la postmarketOS, lililoanza 2017, lataka simu itumie Linux yenyewe, isasishwe kama kompyuta, na iishi miaka kumi.

Kazi si ndogo. Kamera, spika, modemu, kila kimoja kina programu yake ya kukiendesha, na wenye chipu wengi hawatoi siri zake. Simu yaweza kuwaka na kushika intaneti, lakini kamera ni kipofu. Ubuntu Touch, iliyoachwa na Canonical mwaka 2017 ikachukuliwa na UBports, aghalabu hupita njia ya mkato: huazima programu za Android. Kamera huona, naam, lakini simu yabaki imefungwa kwenye ile nakala kuukuu.

Fairphone yenyewe imepeleka sehemu ya kazi yake ndani ya Linux, jambo ambalo waundaji wengi hawalifanyi. Hata hivyo, mama angojaye sauti ya mwanawe kutoka Jeddah, mwenye simu moja tu, singemshauri aibadilishe leo. Ajaribu kwanza kwa ile ya zamani iliyolala kabatini.